Nilivyomfundisha Owino Kuondoa Gari

Ipo asubuhi moja ya Jumamosi, mwanangu, nikuite hivyo ingawa u mgeni wangu, ambayo imekataa kunitoka. Nilikuwa Migori, katika karakana ya mzee mmoja mkereza vyuma, nimesimama nyuma ya bega lake nikitazama chuma kikichubuka kwenye mashine na kuanguka chini vipande vipande vilivyojikunja. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Leo nimebaki na meno saba na goti moja linalokubali kukunjika, lakini nikikaa kimya mashine ile bado naisikia.

Chuma kile kilikuwa flaiwili. Kama hujawahi kulala chini ya gari, ngoja nikueleze, maana bila hilo hutaelewa nilichofanya. Nyuma ya injini kuna sahani nzito ya chuma inayozunguka pamoja nayo. Klachi huikamata sahani hiyo, na hapo ndipo nguvu ya injini inapofika kwenye magurudumu. Uzito wake una kazi. Ukiachia klachi, injini hupata mzigo ghafla ikataka kuzima, na ule uzito unaozunguka ndio unaoisukuma mpaka gari lichukue mwendo. Sisi vijana wa mbio tulikuwa tunaupunguza uzito huo. Flaiwili ikiwa nyepesi, injini hupanda mara moja, kama mtu aliyetuliwa gunia mgongoni, na katika mbio fupi za mstari hadi mstari, injini iliyopanda mapema ndiyo inayoshinda.

Yule mzee hakuwa mtu wa maneno mengi. Miezi mitano kabla alikuwa amenikerezea flaiwili ya kwanza, ambayo wakati huo ilikuwa ndani ya gari langu nyumbani. Sasa nilikuwa nimemletea ya pili, nikitaka iwe nyepesi zaidi. Alizima mashine, akafuta mikono kwa kitambaa, akaniuliza nyumbani ni nani mwingine anayeendesha gari hilo. Nikamwambia hakuna. Akauliza, na wewe ukiwa hapa? Nikacheka. Yeye hakucheka.

“Kijana,” akaniambia, “hii uzito natoa ni subira ya injini. Ukiitoa kwa chuma, lazima uiweke kwa mguu. Na kila mtu atakanyaga hiyo gari lazima aambiwe hivyo.”

Nikamjibu sawa mzee, kama tunavyowajibu wazee tunapotaka wamalize haraka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo tulivyofunzwa shuleni. Ingekuwa heri kama lingevunjika langu.

Kwetu ni juu ya Magunga, upande wa Homa Bay, mahali ambapo ukitaka gari la kesho ilibidi uanze kulitafuta jana. Baba yetu alifariki nikiwa darasa la nne. Kaka yangu Owino, aliyenitangulia kwa miaka saba, aliacha shule akaenda kuendesha trekta la kiwanda cha pamba ili mimi nisiache. Kila kitabu nilichosoma kilitoka kwenye usukani ule. Hata kazi ya ufundi ni yeye aliyenipeleka kujifunza, akaniombea kwa fundi kofia ikiwa mkononi. Nakuambia haya mapema ili ujue nilimtendea nani.

Na kwetu Wajaluo, mwanangu, mambo ya nyumbani yana foleni. Mkubwa hupanda mbegu kwanza, mdogo akafuata. Mkubwa huoa kwanza, hujenga kwanza, huvuna kwanza. Ukiruka foleni wazee watakuambia umeita chira, laana inayoila nyumba polepole mpaka ibaki mahame. Kwa hiyo mvua ikinyesha nilikaa na jembe langu nikimngoja Owino atie mbegu yake ya kwanza ardhini. Hakunichelewesha hata msimu mmoja. Mara nyingine alitoka alfajiri, akapanda mstari mmoja tu akiwa hajanywa hata uji, ili nami nianze siku hiyo hiyo. Lakini moyo wa kijana una ukaidi wake. Wema ule wote sikuuona, nikawa naona tu kwamba niko nyuma ya mtu.

Mahali pekee nilipokuwa wa kwanza ni kwenye gari. Lilikuwa gari dogo la saluni la Kijapani, limechoka bodi lakini injini nimeifungua na kuifunga kwa mikono yangu. Jumapili baada ya kanisa tulikutana kwenye kiwanja cha ndege cha murram, ule udongo mwekundu wa changarawe, tukafukuza ng'ombe na mbuzi wa watu, tukachora mistari miwili kwa chokaa. Walikuja vijana wa Migori mjini, wachimba dhahabu wa Masara waliokuwa na magari mazuri kuliko akili, na wauza samaki wa Kendu Bay na pikipiki zao za mizigo wakiwa watazamaji. Magari mawili kwa mara moja, yakanyooka bila kona, basi.

Kabla ya kukimbia palikuwa na mpiga orutu, ile fidla yetu ya uzi mmoja. Kila dereva alimsimamisha mpigaji ili ajitape kwanza. Kwetu jambo hilo linaitwa pakruok. Unakatiza muziki, unajisifu mbele ya halaiki, wanakuitikia, muziki unaendelea, na ukijisifu vizuri sifa ile inakukaa kuliko jina la ubatizo. Sifa yangu ilikuwa kwamba mimi ni mwana wa Magunga mwenye gari linaloujua mguu mmoja tu duniani.

Na lilikuwa kweli halijui mguu mwingine. Madereva wa miaka mingi walijaribu kuliondoa, likawazimikia pale pale mstarini. Siri ya mtungi aijuaye kata, nami nilikuwa kata isiyosema. Niliona kwamba siku mtu wa pili akijua, sifa yangu imekufa.

Owino aliniomba mara moja tu. Alinikuta nikiosha gari kando ya kijito, akaketi juu ya jiwe, akasema kwa ule upole wake ulioniudhi siku zote:

“Omera, mimi niko na mguu ya trekta. Hebu nionyeshe hii yako inaondoka aje.”

Omera ni kusema ndugu yangu. Kaka mkubwa, aliyenilea, ananiomba mimi nimfundishe. Mtu mwenye akili angeona heshima aliyopewa. Mimi nikaona kwamba na hili sasa analitaka, na kesho atakuwa mbele yangu hapa pia. Basi nikamfundisha uongo. Nikamwambia aache injini ingurume chini kabisa, aachie klachi yote kwa mkupuo mmoja, halafu ndipo akanyage mafuta. Ndivyo alivyozoea kuondoa trekta, na trekta hukubali kwa sababu flaiwili yake ni nzito kama jiwe la kusagia. Kwa gari langu, kufanya hivyo ni kulizima. Nililijua hilo nikimtazama machoni.

Jumapili nikampa ufunguo mbele ya watu wote. Likamzimikia. Akawasha tena, likazima. Mara ya tatu mpiga orutu akauiga kwa uzi wake ule mlio wa gari linalokata roho, na kiwanja kizima kikavunjika mbavu. Owino alitoka akicheka pamoja nao, shati limelowa jasho, akanivuta kando kuniuliza amekosea wapi. Nikamwambia mguu wake ni mzito, aachie haraka zaidi. Akaniambia asante. Mwanangu, alinishukuru.

Nilikusudia kumwambia ukweli. Usidhani sikukusudia. Nilisema acha kwanza kicheko kipoe, acha mbio za mwezi huu ziishe, nitamwambia wiki ijayo tukiwa wawili. Zikapita wiki tatu.

Sasa turudi kwenye ile Jumamosi ya Migori. Mke wangu Adhiambo alikuwa na mimba yetu ya kwanza, na mkunga alikuwa amesema bado mwezi mzima. Nilimwacha akichambua mboga, nikadandia lori la samaki mapema ili niwahi kwa mkereza vyuma. Siku zile hapakuwa na simu ya mkononi. Yaliyotokea nyuma yangu niliambiwa na mama, tena vipande vipande kwa miaka mingi, kwa sababu hakuweza kuyasema yote kwa mara moja.

Uchungu ulimshika Adhiambo saa mbili asubuhi, na damu ikatangulia. Mama alimwita Owino, ambaye hakuwa kazini siku hiyo. Gari lilikuwa moja tu kijiji kizima, na ufunguo wake uling'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Kutoka nyumbani ni mteremko, kwa hiyo walilisukuma likaenda bila tabu. Mama alikaa nyuma, kichwa cha Adhiambo kikiwa mapajani mwake. Wakavuka kijito salama. Ng'ambo ya kijito kuna mpando wa mawe, na katikati ya mpando siku hiyo palikuwa na mkokoteni wa ng'ombe uliokatika ekseli. Owino akasimama. Wanaume wakausukuma mkokoteni kando kwa muda mfupi tu. Njia ikawa wazi, hospitali ya Homa Bay iko mbele, na kaka yangu akatakiwa kuondoa gari lile mlimani.

Alifanya nilivyomfundisha. Injini chini, klachi yote kwa mkupuo. Likazima. Akawasha, akaachia haraka zaidi, kama nilivyomsisitiza. Likazima tena na kurudi nyuma hatua mbili. Mama alisema Owino alikuwa akinong'ona maagizo yangu moja baada ya lingine, kama mtoto anayekariri katekisimu, na kila likizima alianza upya kwa mpangilio ule ule. Betri ikachoka. Wakaliachia literemke kinyumenyume, wakaliwasha kwa rivasi. Hapo hofu ilikuwa imemshinda. Akakanyaga mafuta mpaka mwisho na kuliacha lihangaike hivyo, magurudumu yakachimba, klachi ikaungua, moshi ukaingia mpaka kiti cha nyuma. Saa nzima ilikuwa imepita. Waling'oa mbao za ule mkokoteni zikawa machela, wakambeba Adhiambo kwa miguu. Hakufika barabara kubwa. Mtoto naye hakulia.

Gari lile lingepanda. Nakuambia kama fundi aliyelifunga. Injini ilikuwa nzima, matairi yalikuwa mazuri, na mlima ule mimi niliupanda kila wiki na watu watano ndani. Alichokosa kaka yangu ni maneno machache ambayo nilikuwa nayo mdomoni wiki tatu kabla, pale kijitoni, tukiwa wawili.

Nilirudi saa tisa alasiri, flaiwili mpya nimeibeba begani ndani ya gunia. Nikaliona gari langu katikati ya mpando, milango yote wazi, harufu ya klachi bado imetanda. Na neno la kwanza lililonitoka, Mungu anisamehe, nilimuuliza mtu aliyesimama pale ni nani ameendesha gari langu. Akaelekeza kwa kidevu, kisha akanipa pole ya mke na mtoto. Owino alikuwa ameketi chini, ameegemea gurudumu la mkokoteni, damu imekauka kwenye mikono ya shati lake.

“Nilifanya vile uliniambia,” alisema. “Kila kitu, omera. Sijui mguu yangu iko na shida gani.”

Kwanza nilidhani amejua. Halafu nikamtazama usoni nikaona hajui lolote. Hakuwa ananilaumu. Alikuwa ananiomba msamaha. Mwanangu, kama kuna mahali katika maisha yangu palipowekwa tayari kwa ajili ya kusema ukweli, ni pale. Nikamwambia ni kazi ya Mungu. Nikamtwika Mungu mzigo wangu, nikainama kama mtu aliyefiwa, na kweli nilikuwa nimefiwa.

Waliokuja matangani walinifariji kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, kijana bado una nguvu, utaoa tena. Nilioa tena baada ya miaka sita. Ni mama mwema, ndiye anayenifokea mpaka leo nikisahau dawa zangu. Gari nililiuza kama chuma chakavu, na ile flaiwili ya pili haikuwahi kufungwa popote. Kwa hiyo ukinitazama kwa mbali utasema mzee huyu aliumia, kisha akapona.

Owino hakupona. Jumatatu baada ya mazishi alirudisha ufunguo wa trekta kiwandani, akawaambia watafute mtu mwenye mguu mzima. Hakugusa usukani tena mpaka alipokufa. Mtu aliyelima nusu ya mashamba ya eneo lile kwa trekta alirudi kwenye jembe la mkono. Na mvua za masika zilipofika alipanda mstari wake wa kwanza, kama foleni yetu inavyodai, halafu akaliacha shamba lake akaja langu. Alilipanda lote, mpaka kwenye ua. Kisha ndipo akarudi kumalizia lake, udongo ukiwa umeanza kukauka. Mwaka uliofuata alifanya hivyo tena. Na mwingine. Majirani walisema huo ndio udugu, wakawatajia wanao mfano wetu. Mimi nilisimama mlangoni na kikombe cha chai, nikamwacha alime.

Utaniuliza, mzee, kwa nini hukumwambia baadaye? Mwaka wa kwanza niliogopa ataniua, au mama atanikana. Mwaka wa tano niliona haya, maana ningelazimika kueleza kosa lenyewe na pia kuieleza ile miaka mitano. Mwaka wa ishirini nilijiambia ameshazeeka, ametulia, kwa nini nimfufulie kidonda. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nami sikuziba wala sikujenga, nikawa tu nahamisha kiti mbali na ufa. Kila mwaka ulikuwa na sababu yake, na hapakuwa na sababu hata moja iliyokuwa kwa ajili ya Owino.

Mwaka jana sukari ilimshika vibaya. Mguu wa kushoto ukaoza kidole, kisha unyayo. Nilikuwa naye hospitalini Homa Bay siku daktari alipokuja kutuambia inabidi wakate chini ya goti. Nilitazamia atakataa, kama wazee wetu wengi wanavyokataa kuzikwa pungufu. Alikubali kabla daktari hajamaliza sentensi. Daktari alipotoka nikamuuliza kwa nini hakutaka hata kufikiri kidogo. Akauweka mkono wake juu ya bandeji.

“Waikate tu,” akaniambia. “Si ndio hiyo ilifanya Adhiambo akufe.”

Mguu wa kushoto, mwanangu, ndio unaokanyaga klachi. Zaidi ya miaka arobaini alikuwa akitembea juu ya mguu anaouchukia, na aliyemfundisha kuuchukia ameketi hapo kitandani anamenya ndizi. Nilifungua kinywa. Naapa nilifungua kinywa. Muuguzi akaingia na karatasi za kutia sahihi, nami nikazipokea kwa shukrani kubwa, nikazisoma zote mpaka mwisho kama mtu anayenunua shamba. Muuguzi alipotoka Owino alikuwa amelala. Walimkata kesho yake. Aliishi wiki tatu baada ya hapo, nyingi kati ya hizo akiwa hanifahamu.

Kwenye mazishi walinipa nafasi ya kusema kama ndugu wa damu. Nilikuwa nimejiandaa usiku kucha. Niliposimama nikasema Owino alikuwa dereva mzuri, nikakaa. Watu wakatazamana, vijana wengine wakaficha kicheko, maana hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumwona akiendesha chochote. Wakasema uzee umemwingia mzee wa watu.

Mchimba kisima huingia mwenyewe, hivyo ndivyo wanavyotuambia. Sijui ni kisima gani hicho. Mimi nilichimba, wakaingia watatu, na mwenye jembe bado anaota jua.

Siku hizi vijana wa Migori wamerudisha mbio zile, lami iko, na flaiwili wanazipunguza kwa mashine isiyohitaji hata mzee wa kuwakemea. Walisikia habari za ujana wangu wakaja kuniuliza siri ya kuondoa gari. Niliwaambia yote, nami nakuambia na wewe, kwa sababu sina tena wa kumficha. Usiachie klachi injini ikiwa chini. Ipandishe kwanza mpaka iwe na mlio wa mashine ya posho mahindi yanapoanza kuisha, na uishikilie hapo. Achia klachi polepole mpaka uhisi gari limeshika, pua ikitaka kuinuka. Hapo usiendelee. Tulia, mguu ukiwa nusu, mafuta usiyapunguze hata kidogo, uiache klachi iteleze kidogo kidogo mpaka magurudumu yaifikie injini. Kisha achia yote. Usiiache iteleze muda mrefu, utaiunguza. Usikanyage mafuta kupita kiasi, utachimba murram. Ni hayo tu. Ukiwa mlimani, shikilia breki ya mkono mpaka uhisi lile gari likivuta, ndipo uilegeze.

Wale vijana walinichukua video kwa simu, wakaniambia mzee uko juu. Kitu nilichokilinda kwa roho za watu sasa kinatazamwa na watu wakila chipsi. Umekisikiliza kwa muda gani? Hata chai yako haijapoa.

Basi sikiliza nasaha yangu, japo mshauri wako hana sifa ya kushauri. Chochote ambacho ni wewe tu unayeweza kukiwasha nyumbani mwako, kiwe gari, kiwe duka, kiwe dawa ya mgonjwa au njia ya kufika mahali, mfundishe mtu siku ambayo hakuna anayekihitaji. Siku ya kuhitajika wewe utakuwa Migori. Na kama hutaki kufundisha, basi sema hutaki. Ningemkatalia Owino pale kijitoni, angejua kwamba hajui, na mlimani angejaribu hivi, angejaribu vile, akili ya dereva ingemwonyesha njia kabla klachi haijaungua. Uongo wangu ulimfunga kwa sababu aliniamini. Alirudia kosa langu mpaka mwisho kwa sababu lilitoka kwa mdogo wake.

Na kama umeshamdanganya mtu, nenda kwake. Usimpelekee Mungu kwanza, Mungu anajua tayari. Usimpelekee mchungaji. Mimi nimewaambia wote wawili, na sasa nimekuambia wewe usiyemjua Owino, na sijapata nafuu hata ya kijiko. Palikuwa na mtu mmoja tu aliyekuwa akiyahitaji maneno haya. Nilimtembelea kila siku, tukala pamoja, akanipandia shamba, nami nikamnyima.

Sina zaidi, mwanangu. Nyasaye, Mungu wa baba zetu, akupe mguu mtulivu na ulimi mwepesi kuliko wangu. Akujalie watu nyumbani wanaoweza kukuokoa ukiwa mbali. Na siku utakapopata moyo wa kusema ukweli wako, amweke hai yule anayepaswa kuusikia.